Bi Mwanajuma na Vigae Tisa vya Pangani

"Shoga, hicho kigae unakirambia nini? Kina chumvi?"

Swali hilo Bi Habiba alimuuliza jirani yake, Bi Mwanajuma binti Kitwana, asubuhi moja miaka mingi nyuma. Alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Alipochungulia uani akamkuta mwenzake amekaa juu ya kigoda, kigae cha ukutani mkononi, ulimi nje. Kaa la moto likasahaulika pale pale.

Bi Mwanajuma alitema mate pembeni, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Hakina chumvi," akasema. "Kina majani ya chai."

"Majani ya chai?"

"Kimechemshwa, mwenzangu. Mtu kakitia sufuriani na majani ya chai ili kionekane kizee. Onja mwenyewe."

"Mie? Astaghfirullah! Nirambe kuta za watu mie na akili zangu?"

Lakini Bi Habiba hakuondoka mpaka ameelezwa, na baadaye akawa ndiye mwenye kuwaeleza wengine, tena kwa mikono yote miwili, kana kwamba ulimi ni wake. Kigae kina uso na kina mgongo. Uso umepakwa rangi na kung'arishwa kama kioo, nao huo humdanganya kila mtu. Mgongo ni udongo mtupu uliochomwa. Udongo uliokaa ukutani miaka mia una kiu. Ukiugusa kwa ulimi unaung'ang'ania ulimi, mpaka uubandue kwa kuuvuta, kama mtoto aliyeramba barafu ikamnasa. Udongo wa juzi hauna kiu hiyo. Na udongo uliopikwa ili kudanganya, ulimi utakutajia hata kilichopikiwa: chai, ndimu, maji ya magome ya mikoko. Kile cha chai kilitoka kwa mtu mmoja wa Kerege ambaye, Bi Mwanajuma alisema, angeweka na sukari kidogo wangekunywa.

Elimu hiyo hakuisoma darasani. Shule aliishia la nne. Aliipata kwa baba yake, Kitwana bin Pazi, fundi chokaa. Kuni za tanuri zilitoka njia ya Fukayosi, mawe ya matumbawe yalitoka pwani, na chokaa ikitoka motoni mzee Kitwana aliilaza shimoni na maji wiki nyingi kabla hajaigusa kwa mwiko. Saruji hakuitaka kabisa. Alisema saruji inaukaba ukuta wa mawe, ukuta unashindwa kupumua, unatoka jasho, mwisho unavua nguo zote. Watu walimcheka kwamba amepitwa na wakati. Yeye aliwaambia, "Haya, mie nimepitwa. Tutazame ukuta wa nani utakaosimama."

Mwanajuma alikuwa mwanawe wa pekee aliyependa kazi ile. Kaka zake walikimbia vumbi. Yeye aliloweka vigae kwenye beseni, akampa baba kimoja kimoja. Na mzee alikuwa na desturi yake, sijui aliipata wapi, kwamba kigae hakiendi ukutani bila kusomewa. Mtoto alichovya kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akasema bismillah, akabonyeza mgongoni mwa kigae. Ndipo baba akapaka chokaa juu yake na kukisimamisha.

"Nani ataiona alama hiyo, baba?" Mwanajuma aliuliza siku ya kwanza.

"Anayestahili kuiona keshaiona," mzee akajibu. "Lete kingine."

Alikua, akaolewa na Masoud, mtu mpole aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, akazaa, akalea, akafiwa. Siku hizi, katika miaka yake sitini na minane, anashona kofia za mkono, tundu kwa tundu, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Anasali sala zake kwa wakati. Jumatatu na Alhamisi afya ikimruhusu anafunga. Na mtu mwenye kigae, au sahani ya kale, au bakuli, akibisha hodi, kofia huwekwa kando.

Ana majibu matatu tu. "Cha kale." "Cha juzi." Na "Sikijui," ambalo hulisema bila aibu yoyote. Hapokei ujira. Ukimlazimisha sana utaleta kilo ya sukari naye ataipeleka chuoni kwa watoto wanaosoma Kurani. Na kuna kitu kimoja hakigusi. Alikuja bwana mmoja na kipande cha bakuli la samawati, kizuri mno, akasema amekiokota Kaole. Bi Mwanajuma akamuuliza Kaole wapi. Bwana akasema kwenye yale magofu, karibu na makaburi. Bi Mwanajuma akakifunika kile kipande kwa kitambaa bila kukigusa, akamwambia, "Mwanangu, hiki ni chombo cha mtu aliyelala. Kirudishe kabla jua halijatua, tena umwombee." Hata chai hakumpa.

Tangu watu walipoanza kuzitengeneza nyumba za kale za mjini, vigae vimekuwa vikitafutwa kama dawa. Na palipo na kutafutwa, waghushi hawakosi. Ndiyo maana neno la Bi Mwanajuma likawa na uzito. Akisema cha kale, mnunuzi alikuwa haulizi tena.

Sasa mwaka huu, katika mfungo mosi, Bi Mwanajuma alikuwa anazifunga zile sita za baada ya Ramadhani. Siku ya nne ya funga yake, baada ya adhuhuri, walibisha hodi watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Msabaha, mfanyabiashara wa vitu vya kale mwenye kibanda njia ya Kaole, amebeba sanduku la mbao. Wa pili alikuwa Bi Wahida, mwanamke wa makamo aliyekulia Dar es Salaam lakini asili yake hapa hapa Mji Mkongwe. Alikuwa anaitengeneza nyumba ya marehemu babu yake, ile ya pili kutoka msikitini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Msabaha. Hujambo? Na wewe mwanangu, karibu, karibu mkekani."

Wahida alieleza shida yake. Baraza ya mbele, pale wazee walipokuwa wakikaa na kuegemea, ilikuwa imepambwa vigae vya maua ya samawati. Safu za juu zilikuwa salama. Safu ya chini vilikuwa vimetoka tisa, haijulikani vilikwenda wapi. Na baba yake, mzee Abdullatif, mwenye miaka themanini na minne, anakuja Ijumaa kuiona.

"Alizaliwa ndani ya nyumba ile, Mama," Wahida akasema. "Nimemwahidi ataegemea vitu vya zama za babake, siyo mapambo ya dukani. Kama siyo vya zama zile, bora nipake chokaa tupu. Sitaki kumdanganya mzee wangu siku zake hizi."

"Mie nimevitoa Pangani," Msabaha akadakia. "Nyumba imeanguka kwa mvua. Wenyewe wameniuzia kwa mikono yao, siyo wizi. Tazama, Bibi. Tisa! Kama viliagizwa."

Bi Mwanajuma akavipanga mkekani. Maua ya samawati, kitovu cha manjano. Akavitazama uso kwa jua. Vilikuwa vimechujuka katikati, pale mgongo wa mtu unapofika, na pembeni rangi imekolea. Hilo ni jema. Mghushi hukwangua kwa msasa kote kote, na Bi Mwanajuma huwa anauliza kama mwenye baraza alikuwa akikaa au akigaagaa. Akavipindua. Migongo yote imefunikwa chokaa nene, chafu, yenye chembe za matumbawe na maganda madogo ya kome. Akakwangua pembe moja kwa ukucha. Chokaa ya shimoni. Chokaa ya kulazwa, si ya mfuko. Moyo wake ulifurahi kama mtu aliyesikia sauti ya baba yake chumba cha pili.

Ulimi ulibaki.

Alijua kuonja bila kumeza hakufunguzi. Ustadhi wa chuoni alishamwambia zamani. Lakini nafsi yake haikutulia kuramba kitu na huku amefunga. Angeweza kusema, "Niachieni, mje baada ya magharibi." Msabaha alikuwa anatazama saa. Wahida alikuwa na fundi anayesubiri. Na yeye mwenyewe aliiona ile chokaa, akasema moyoni, nani tena siku hizi apachike kigae cha juzi kwa chokaa kama hii?

"Vya kale," akasema.

Wahida alimbusu mkono. Wakaondoka na vinane. Cha tisa kilikuwa na pembe iliyovunjika, wakamwachia kwa kuwa yeye ana mkono mwepesi wa kuunga.

Magharibi aliadhini mwadhini, Bi Mwanajuma akafungua kwa tende tatu na maji, akasali. Alipomaliza uji, akakivuta kile kigae ili atazame pembe. Na kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, akagusa mgongo wake kwa ulimi, pale pembe ilipovunjika na udongo ukawa wazi.

Ulimi ukatoka bure. Haukunaswa.

Akagusa tena. Akabadilisha mahali. Udongo ule haukuwa na kiu.

Akatia maji kwenye beseni, akakilaza kigae ndani, akaenda kusali isha. Aliporudi chokaa ilikuwa imelegea. Akaibandua taratibu kwa njiti ya kibiriti, na chini yake, katikati ya mgongo, pakatokea doa jeusi la masizi. Doa dogo, la kidole gumba cha mtoto. Na katikati ya doa, mstari mweupe umelikata mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia.

Bi Mwanajuma akatazama kidole chake mwenyewe. Alipokuwa na miaka minane alijikata kwa mbuzi ya kukunia nazi. Kovu lile halikufutika. Akalipeleka juu ya doa. Kidole kilikuwa kimekua, mstari ulikuwa ule ule.

Hapo ndipo Pangani yote ilipomjia. Mwaka uliofuata, yeye akiwa na miaka tisa, mama yake alikuwa amejifungua, baba akamchukua yeye kwa lori kwenda kutengeneza baraza ya tajiri mmoja. Walikaa kule mwezi na siku kumi. Mvua ilikuwa imeipasua baraza, tajiri akaleta vigae vipya kutoka duka la Dar es Salaam, ndani ya maboksi ya karatasi yenye majani makavu, na akaleta na mifuko ya saruji. Baba akaikataa saruji. Akachimba shimo, akalaza chokaa. Mtoto akachovya kidole. Uso wa vile vigae hakuukumbuka. Migongo ndiyo aliyokuwa akikaa nayo kutwa.

Kwa hiyo chokaa ilikuwa ya kweli na kazi ilikuwa ya kweli. Kigae ndicho kilichokuwa cha dukani, na hakuna fundi mwingine pwani nzima ambaye angekivika joho la namna ile.

Asubuhi, kabla jua halijachoma, alimweleza Bi Habiba ukutani, uani kwa uani. Bi Habiba alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa?"

"Sasa naenda kumwambia Wahida."

"We Mwanajuma! Vikishakaa ukutani, nani atakayepindua mgongo? Wewe umesema vya kale, basi ni vya kale. Ukishasema ulikosea, mji mzima utakwambia na vile vingine ulikosea. Nani atakayekuja tena?"

"Asije."

"Na baba yake Wahida keshaambiwa, amefurahi huko aliko!"

"Amefurahi kwa neno langu, Habiba. Na neno lenyewe si kweli."

Bi Habiba akasonya. "Ngoja nivae baibui basi," akasema. "Ukienda peke yako utalia njiani."

Lakini Bi Mwanajuma alikuwa keshatoka, kigae kimefungwa kwenye kanga.

Alipofika, fundi Najim alikuwa amepiga magoti mbele ya baraza. Vigae sita vilikuwa ukutani tayari, viwili vimeloweka ndooni. Msabaha naye alikuwepo, ameleta gunia la mchanga, yu mchangamfu kweli kweli.

"Huyo mwenyewe! Bibi, njoo uone, vimekaa kama bwana harusi!"

"Wahida mwanangu," Bi Mwanajuma akasema, akiwa bado amesimama. "Niwie radhi. Jana nilisema vya kale. Nilikosea. Hivi ni vya juzi."

Najim aliushusha mwiko.

Akawaeleza yote, tangu funga yake hadi ulimi, tangu Pangani hadi maboksi. Akafungua kanga, akawaonyesha doa, akaweka kidole chake juu.

"Aa," Najim akasema polepole. "Basi ndiyo maana. Nilipovisafisha vyote vilikuwa na doa hilo. Nikadhani masizi ya jikoni." Akatoa vile viwili ndooni, akavipindua. Kidole kile kile. Mstari ule ule.

Msabaha alikuwa amesawijika. "Bibi, umeniua. Mie nina jina gani jingine mji huu? Kesho watasema Msabaha anauza feki."

"Hawatasema hivyo. Wewe uliniuliza, mimi nikajibu. Nitawaambia kosa ni langu, hata msikitini kwa wanawake nitasema."

"Kwani miaka hamsini na tisa ni ya juzi? Mie mwenyewe nina thelathini na mitatu!"

"Kwa alichokitaka Wahida, ni ya juzi. Babu yake alikuwa keshafariki vigae hivi vikiwa bado dukani." Kisha akamtazama kwa huruma, akaongeza, "Na mimi nimevizidi umri, Msabaha. Je, nami utanitia sandukuni?"

Najim alicheka peke yake, akaacha.

Wahida alikuwa ameshika kigae kilichovunjika pembe, akilipapasa lile doa.

"Vibandueni," Bi Mwanajuma akamwambia. "Chokaa haijakauka. Nitaviosha mimi mwenyewe, Msabaha achukue vyake."

"Ngoja kwanza, Mama." Wahida akaketi juu ya jiwe. "Baba yako ndiye aliyemfundisha fundi aliyemfundisha Najim. Najim kaniambia mwenyewe, sivyo?"

"Ndivyo," Najim akasema. "Sisi sote huku chokaa yetu ni ya mzee Kitwana."

Bi Mwanajuma alitazama chini. Hilo hakulijua.

Wahida alizitazama safu za juu, maua ya babu yake, akaitazama safu ya chini. Ukiwa mbali huoni tofauti. Ukisogea unaiona, samawati ya chini imechangamka zaidi.

"Viache, Najim," akasema mwishoni. "Malizia. Sitavibandua." Akamgeukia Bi Mwanajuma, akapunguza sauti. "Na wewe Mama usijitie fedheha bure. Tuko wanne tu hapa. Baba haoni vizuri siku hizi, ataegemea, atafurahi, yamekwisha. Kuna haja gani ya kumwambia?"

Msabaha alishusha pumzi kwa nguvu. Bi Habiba, ambaye ndiyo kwanza anafika akihema, baibui upande, alisikia hayo ya mwisho akatikisa kichwa kukubali.

Bi Mwanajuma akakichukua kigae kile kutoka mikononi mwa Wahida. Akachutama kwenye sufuria ya chai ya mafundi, akachovya kidole gumba kwenye masizi, akasema bismillah, akabonyeza kando ya lile doa lake la utotoni. Akampa Najim, naye Najim akakipaka chokaa bila kuuliza. Kisha Bi Mwanajuma akainuka kwa kujishika goti, akamwambia Wahida:

"Ijumaa mzee wako akija, mwambie vile vya juu ni vya zama za babake, na hivi tisa vya chini ni vya dukani, vilipachikwa kwanza na Kitwana bin Pazi, na mimi nilikosea niliposema ni vya kale. Usimfiche."